SHULE MBILI ZA WILAYA MOJA

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mzazi hulizungumza barazani, na kila mwanafunzi hulizungumza njiani akienda shuleni, nalo ni hili: ni shule ipi iliyo bora kuliko nyingine?

Kila wilaya yenye shule mbili au tatu za sekondari haikosi kuwa na ushindani huo. Mmoja husema, "Shule ya mjini ndiyo shule hasa." Mwingine hujibu, "La, ile ya mlimani ina adabu na walimu wenye bidii." Na aghalabu shauri hilo hukatwa kwa kutazama jambo moja tu, yaani hesabu ya waliofaulu katika mtihani, kama kwamba shule ni mizani ya dukani na watoto ni magunia ya mahindi.

Sisi hatusemi kwamba kulinganisha shule ni vibaya. Mtu anunuaye jembe huligeuza huku na huku na kuligonga kidogo kabla ya kutoa fedha yake. Sembuse mzazi anayetaka kumtoa mtoto wake! Lakini kulinganisha kuna njia yake. Shule mbili zikiwa katika wilaya moja, zikalishwa na mfuko mmoja na kuongozwa na baraza moja, basi tofauti zilizo kati yao hazikuota zenyewe kama uyoga baada ya mvua. Pana mtu aliyegawa, na pana mtu aliyegawiwa. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Nasi twaongeza kusema kwamba hata vinavyozama huwa vimeundwa.

Ili jambo hili lionekane wazi, twawaletea mfano mmoja wa kweli kutoka nchi ya Marekani. Tumeuchagua kwa sababu wilaya yenyewe ni ndogo, habari zake zimeandikwa vizuri mahakamani, na waliofanya kazi ya kulinganisha shule zao hawakuwa wakaguzi wala maprofesa. Walikuwa wanafunzi.

Wilaya hiyo huitwa Prince Edward, nayo iko katika jimbo la Virginia, na mji wake mkubwa ni Farmville. Ni nchi ya mashamba, na zao lililojulikana sana huko ni tumbaku. Karibu na mwaka 1950 watu wake walikuwa wapatao 15,000 tu, na karibu nusu yao walikuwa watu weusi, wajukuu na vitukuu wa watumwa waliochukuliwa kutoka Afrika.

Virginia si jina geni kabisa katika habari za elimu ya Afrika Mashariki. Wazee wanaikumbuka Shule ya Jeanes iliyofunguliwa Kabete, nchini Kenya, mwaka 1925, iliyofundisha walimu wa kuzunguka vijijini na kuzisaidia shule ndogo. Mpango huo ulitoka Marekani, na mwalimu wa kwanza kabisa wa Jeanes, Bibi Virginia Randolph, alianza kazi hiyo mwaka 1908 katika wilaya ya Henrico, katika jimbo hilohilo la Virginia.

Yafaa kwanza tueleze jinsi shule zinavyotunzwa huko, maana asiyejua mfuko ulipo hawezi kujua kwa nini mkono ulikuwa mtupu. Katika Marekani shule nyingi za umma haziongozwi moja kwa moja na serikali kuu. Kila wilaya ina Baraza la Shule, ambalo huajiri walimu na kuamua mahali pa kujenga. Sehemu kubwa ya fedha hutoka katika kodi ya ardhi na nyumba inayolipwa na watu wa wilaya yenyewe. Katika Prince Edward kodi hiyo ilikadiriwa na baraza jingine, ambalo tutaliita Baraza la Wasimamizi. Wasikilizaji wetu walikumbuke sana baraza hilo la pili, kwa kuwa tutakutana nalo tena.

Tena yapasa kujua sheria ya wakati ule. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba watu weusi na Wazungu waweza kutengwa, mradi vile wanavyopewa viwe sawa. Nayo katiba ya Virginia ya mwaka 1902 ilikataza mtoto mweusi na mtoto wa Kizungu wasisomeshwe katika shule moja. Kwa hiyo wilaya ya Prince Edward, ndogo kama ilivyokuwa, ilikuwa na shule tatu za sekondari. Mbili zilikuwa za Wazungu, yaani shule ya Farmville na shule ya Worsham. Moja ilikuwa ya watu weusi, nayo iliitwa Moton, kwa heshima ya Robert Russa Moton, aliyelelewa katika wilaya hiyo, akapanda katika elimu hata akawa mkuu wa chuo cha Tuskegee tangu mwaka 1915 hata mwaka 1935.

Basi sasa tuzilinganishe shule hizo, kama majaji walivyozilinganisha baadaye.

Jengo la Moton lilijengwa mwaka 1939, la matofali, kwa wanafunzi 180. Lilikuwa jengo la haja, na wenyewe walilifurahia. Lakini watu weusi wa wilaya ile walikuwa na kiu ya elimu, na wanafunzi wakazidi mwaka hata mwaka, hata kufika mwaka 1950 walikuwa zaidi ya 450. Hebu fikirini nyumba ya watu wawili ikilaza watu watano. Walimu walifundisha madarasa mawili au zaidi katika ukumbi mmoja wa mkutano, kila mwalimu akijitahidi sauti yake isimezwe na ya mwenzake. Darasa jingine liliwahi kufanyiwa ndani ya basi.

Wazazi wakaenda mbele ya Baraza la Shule mara nyingi, wakiomba shule kubwa zaidi. Jibu walilolipata mwaka 1948 lilikuwa vibanda vitatu vya mbao vilivyofunikwa kwa karatasi iliyopakwa lami, vikasimamishwa kandokando ya jengo la matofali. Mtu aliyepita barabarani alidhani ni mabanda ya kuku. Wakati wa baridi, na baridi ya Virginia si baridi ya kucheza nayo, kila kibanda kilipashwa moto kwa jiko la chuma la kuni. Mwanafunzi aliyekaa karibu na jiko alitoka jasho, na aliyekaa mbali alivaa koti lake tangu asubuhi hata jioni. Mvua iliponyesha, paa lilivuja, na walikuwako waliofungua miavuli yao darasani.

Shule za Wazungu je? Huko kulikuwa na ukumbi wa mazoezi ya mwili, chumba cha kulia chakula, vyumba vya kuogea na kubadilishia nguo, chumba cha wagonjwa, na chumba cha walimu kupumzika. Katika Moton hapakuwa na hata kimoja cha vitu hivyo. Vyombo vya kufanyia majaribio ya sayansi huko Moton vilikuwa haba. Nayo mabasi yaliyowachukua watoto weusi yalikuwa duni kuliko ya wenzao.

Lakini jengo ni ganda tu, tutazame kiini. Mwanafunzi wa Kizungu aliweza kujifunza fizikia, historia ya dunia, Kilatini, kuchora ramani za kazi, na ufundi wa mbao na wa chuma. Masomo hayo yote hayakufundishwa Moton. Hapa, wasikilizaji wetu, ndipo tofauti inapoingia katika maisha ya mtu. Paa likivuja, mtoto hulowa siku moja, kisha hukauka. Lakini somo asilofundishwa humfungia mlango ambao pengine hatajua kamwe kwamba ulikuwapo. Kijana wa Moton aliyekuwa na kichwa cha kuwa mhandisi hakushindwa mtihani wa fizikia. Hakupewa mtihani wa kushindwa.

Katika shule hiyo palikuwa na msichana mmoja wa miaka 16, jina lake Barbara Johns. Siku moja alikosa basi lake, akabaki amesimama kando ya barabara akingoja. Basi la wanafunzi wa Kizungu likaja, likampita, nalo lina viti vitupu. Watoto wengi wangalinung'unika tu. Yeye alifikiri. Aliona kwamba wazazi wameomba kwa heshima, tena wameomba kwa subira, nao wamepewa karatasi ya lami. Akawaita wenzake wachache aliowaamini, wakakutana kwa siri, wakafanya shauri lao kwa muda wa miezi.

Tarehe 23 Aprili 1951 mwalimu mkuu aliitwa kwa simu, akaambiwa kwamba baadhi ya wanafunzi wake wako mjini nao wamo mashakani. Naye kwa kuwa alikuwa mtu wa kuwajali watoto, akaondoka upesi. Hapo madarasa yote yakapelekewa barua ya kuwaita ukumbini. Walimu na wanafunzi walipoingia, aliyesimama jukwaani hakuwa mwalimu mkuu, bali Barbara Johns. Akawaomba walimu watoke, kisha akawaeleza wenzake hali ya shule yao, jambo baada ya jambo, na kuwataka watoke wote pamoja, wasirudi mpaka wapewe shule ya haki. Wakatoka, na mgomo huo ukadumu majuma mawili.

Twajua kwamba mzee mmoja anayetusikiliza atatikisa kichwa, aseme, "Je, mwafundisha watoto wetu kugoma?" La, mzee wetu. Twawaeleza yaliyotukia. Wala tusisahau kwamba watoto hawa waliwatangulia wazazi wao katika njia ambayo wazazi walikuwa wamekwisha kuifyeka kwa maombi yao, na kwamba hawakuvunja dirisha hata moja. Tena baada ya juma hizo mbili walirudi darasani, na shauri lao likapelekwa mahali panapostahili, yaani mahakamani.

Walikuwa wamewaandikia barua mawakili wawili weusi wa mji wa Richmond, Oliver Hill na Spottswood Robinson. Mawakili wakaja Farmville, nao walikuwa na neno gumu la kuwaambia. Wakasema, sisi hatutashitaki tena ili mpewe jengo zuri la kutengwa. Tutashitaki ikiwa mwakubali kudai kwamba kutenga kwenyewe kuondolewe. Hili lilikuwa jambo jingine kabisa. Watoto walikuwa wameomba paa lisilovuja, na sasa waliulizwa kama wako tayari kuitikisa nyumba nzima. Wakakutana na wazazi wao kanisani, kwa Mchungaji Francis Griffin, ambaye hakuogopa kusimama pamoja nao. Wakakubali. Tarehe 23 Mei 1951 kesi ikaandikishwa, kwa majina ya wanafunzi 117.

Ujasiri huo ulikuwa na gharama yake. Wazazi wa Barbara walimhofia, wakampeleka mbali, Montgomery katika jimbo la Alabama, kwa ami yake Vernon Johns aliyekuwa mchungaji huko. Na mwalimu mkuu wa Moton, ambaye hakuujua mgomo kabla haujatokea, hakupewa mkataba mpya.

Februari 1952 majaji watatu waliisikiliza kesi hiyo mjini Richmond. Na hapa twaomba wasikilizaji watege masikio, maana ndipo penye fundisho letu. Majaji walizilinganisha shule kitu kwa kitu, kama tulivyofanya sisi sasa hivi. Wakakiri kwamba majengo ya Moton hayakuwa sawa, masomo hayakuwa sawa, na mabasi hayakuwa sawa. Wakaiamuru wilaya iyatengeneze hayo kwa bidii. Lakini kutengwa kwenyewe wakakuacha kama kulivyo, wakisema kwamba hawakuona madhara yake kwa taifa lolote kati ya hayo mawili.

Basi wilaya ikajenga. Mwaka 1953 shule mpya ya Moton ikafunguliwa, nzuri, yenye ukumbi wa mazoezi na chumba cha kulia, na vibanda vya karatasi ya lami vikawa habari ya kale. Mtu wa kulinganisha majengo angalisema, "Sasa wako sawa, kesi imekwisha." Kwa kipimo cha matofali, ndivyo ilivyokuwa.

Lakini kesi haikwisha. Mawakili wakakata rufani, na kesi ya Prince Edward ikaunganishwa na nyingine nne kutoka sehemu mbalimbali za Marekani. Tarehe 17 Mei 1954 majaji wote tisa wa Mahakama Kuu, wakiongozwa na Jaji Mkuu Earl Warren, wakatoa hukumu kwa sauti moja. Hawakuuliza tu kama majengo, vitabu na mishahara vyafanana. Waliuliza kama kumtenga mtoto kwa sababu ya rangi yake, hata vitu vyote vikiwa sawa, kwamnyima haki yake ya elimu. Wakajibu kwamba ndiyo, kwamnyima. Na kwamba katika elimu ya umma hapana usawa katika kutengwa.

Mtu angalidhani kwamba hadithi inaishia hapo kwa furaha. Haikuishia. Miaka ikapita, wilaya ikichelewesha jambo hili, hata mwaka 1959 mahakama ikaamuru kwamba shule zianze kuchanganywa mwezi wa Septemba. Hapo lile Baraza la Wasimamizi tulilowaambia mlikumbuke likafanya jambo ambalo wachache wangaliweza kulifikiri. Halikubomoa shule wala halikuwafukuza watoto. Lilikataa tu kukadiria kodi ya shule. Bila kodi hapana mishahara. Bila mishahara hapana walimu. Bila walimu milango ikafungwa. Shule zote za umma za wilaya ya Prince Edward zikafungwa tangu mwaka 1959 hata mwaka 1964. Miaka mitano!

Wazungu wakajifanyia shule yao ya binafsi, wakianzia katika makanisa na kumbi za mji, na kwa muda ikasaidiwa kwa fedha za umma mpaka mahakama ilipokataza. Karo ilipodaiwa, wako Wazungu maskini ambao nao walishindwa. Lakini watoto weusi wapatao 1,700 hawakuwa na shule kabisa. Baadhi yao walipelekwa kwa jamaa katika majimbo ya mbali, wakalala katika nyumba zisizo za mama zao kwa ajili ya kupata darasa. Wengine walifundishwa kidogo katika vyumba vya makanisa na akina mama wenye moyo. Wengi walikaa nyumbani, wakafanya kazi za shamba. Mtoto aliyekuwa na miaka saba milango ilipofungwa alikuwa na miaka kumi na miwili ilipofunguliwa. Hesabuni wenyewe, ninyi wanafunzi mnaotusikiliza, mjue ni madarasa mangapi hayo. Na aliyekuwa na miaka kumi na mitatu akawa mtu mzima, akaoa, akafanya kazi, na wengine hawakurudi shuleni tena.

Mwaka 1963, kwa msaada wa watu wa nchi nzima na wa serikali kuu, zikafunguliwa shule za bure kwa mwaka mmoja, watoto wapate kuanza tena. Tarehe 25 Mei 1964 Mahakama Kuu ikahukumu kwamba wilaya haina haki ya kufunga shule zake za umma ili kukwepa haki ya watoto weusi, na kwamba wasimamizi waweza kuamriwa watoze kodi. Mwaka huo shule zikafunguliwa.

Sasa rudini nyuma kidogo, muitazame ile shule mpya ya Moton ya mwaka 1953. Matofali yake yalikuwa mazuri mwaka 1959 kama yalivyokuwa siku ya kwanza. Ukumbi wake ulikuwapo, chumba chake cha kulia kilikuwapo. Kilichopungua kilikuwa ufunguo, na ufunguo haukuwa mikononi mwa watu waliokuwa na watoto mle ndani. Hili ndilo neno letu la jioni hii: ukitaka kulinganisha shule mbili za wilaya moja, usiishie kwenye ukuta wala kwenye mtihani, tafuta ni nani ashikaye ufunguo, na kama anamjali kila mtoto sawasawa.

Wala msifikiri kwamba hayo ni mambo ya ng'ambo tu. Hata kwetu Afrika Mashariki, wakati wa utawala wa kikoloni, mji mmoja uliweza kuwa na shule ya Wazungu, shule ya Wahindi na shule ya Waafrika, kila moja na fungu lake la fedha, na mafungu hayo hayakuwa sawa. Tanganyika iliondoa mgawanyo huo wa rangi kwa sheria iliyoanza kazi Januari 1962, na Kenya nayo ikageuza njia baada ya tume ya Profesa Ominde ya mwaka 1964. Rangi imeondoka katika sheria, lakini kugawa kumebaki, maana fedha haziwezi kutosha watu wote kwa mara moja. Bado iko shule iliyo karibu na lami na shule iliyo mwisho wa njia ya matope. Bado iko yenye walimu wa hesabu watatu, na nyingine inayomngoja mmoja. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi mtakapokaa barazani kuzilinganisha shule zenu, twawashauri mfuate maswali matatu, kwa utaratibu.

La kwanza ni hili: watoto waliingiaje? Shule inayochagua wanafunzi hodari wa wilaya nzima, kisha ikajisifu kwa matokeo mazuri, imefanya kazi nusu. Nyingine iliyowapokea waliobaki na kuwainua hata kiwango cha kati pengine imefanya kazi kubwa zaidi, ingawa haitajwi gazetini. Msipime mavuno bila kuutazama udongo.

La pili: wamepewa nini? Hapa msitosheke kusema "shule yetu ni maskini." Maneno hayo ni moshi; hayashikiki. Fanyeni kama yalivyofanywa katika kesi ya Moton. Hesabuni. Vyumba vingapi, kwa wanafunzi wangapi? Walimu wangapi, na wa masomo gani? Ni masomo yapi yanayofundishwa kule na hayafundishwi hapa? Vitabu vingapi, maji yako wapi, vyoo vingapi vya wasichana? Andikeni hesabu hiyo katika karatasi, safu mbili, shule hii na shule ile. Malalamiko huweza kufukuzwa mlangoni, lakini hesabu iliyoandikwa huketi mezani na kungoja jibu.

La tatu, nalo ndilo kubwa: nani ashikaye ufunguo? Nani huamua fungu la fedha, na huamua siku gani, na katika mkutano gani? Je, kati yao yuko mwenye mtoto katika shule iliyo duni? Wazazi wengi huenda kumlaumu mwalimu mkuu, naye maskini hana senti moja anayoweza kuiongeza. Katika Prince Edward walimu wa Moton walifundisha kwa bidii katika vibanda vile, na kutoka katika vibanda vile akatoka msichana aliyeweza kusimama mbele ya watu 450 na kuwaeleza haki yao kwa ufasaha. Shule iliyomtoa mwanafunzi kama huyo si shule mbaya. Ni shule nzuri iliyotendewa vibaya. Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa, na anayelinganisha shule yampasa aijue, asije akawadharau watoto kwa makosa ya wagawaji.

Mwaka 2003 baadhi ya waliofungiwa shule walipewa vyeti vya heshima, wakiwa wamekwisha kuwa na mvi. Na mwaka 2004 jimbo la Virginia likaanzisha msaada wa masomo kwa wale walionyimwa elimu miaka ile. Barbara Johns alikuwa mtunza maktaba, akafariki mwaka 1991. Mwaka 2020 Virginia ilimchagua awekewe sanamu katika jengo la Bunge la Marekani, mahali pa jemadari Robert E. Lee aliyewaongoza wanajeshi wa majimbo yaliyopigana kutetea utumwa. Jengo la zamani la Moton limekuwa nyumba ya makumbusho. Na wilaya ya Prince Edward leo ina shule moja tu ya sekondari ya umma, kwa watoto wa rangi zote.

Hatusemi kwamba kila wilaya iwe na shule moja, wala kwamba shule zote zifanane kama mayai. Shule yaweza kuwa na tabia yake, nyimbo zake, na ushindani wake katika uwanja wa mpira, nayo ni mambo mema yanayochangamsha vijana. Twasema tu kwamba watoto wa wilaya moja ni watoto wa mfuko mmoja. Mkiona mmoja anakaa penye jiko na mwingine ameshika mwavuli darasani, msiulize ni mtoto gani aliye hodari zaidi. Ulizeni nani aliyewapanga.